Chai ya Mjomba, Pembe za Doa

Misemo yote inayohusu haraka nimeshasomewa. Nimesomewa na mama, nimesomewa na mwalimu wa darasa, nimesomewa hata na muuza mikate ambaye baiskeli yake niliigonga mara mbili katika wiki moja. Kwa hiyo usinisomee tena. Nina habari yangu mwenyewe juu ya haraka, na nitaisimulia kama ilivyotokea. Ndani yake kuna jambo moja linalonitia aibu mpaka leo, na jingine ambalo silijutii hata kidogo.

Nyumbani wananiita Kiguu. Kirefu chake ni Kiguu na Njia, kwa sababu tangu nilipojua kutembea sijawahi kukalia kiti mpaka kikapata joto. Nikila, nimesimama. Nikisoma, mguu mmoja unapiga sakafu. Mama anasema hata nikilala, shuka haipumziki.

Mama anafuga ng'ombe wanne wa maziwa nyuma ya nyumba yetu, katika banda la mabati lenye sakafu ya saruji. Kila asubuhi kabla ya shule yeye anakamua, mimi nafagia, nabeba majani mpaka kwenye hori, kisha nawanywesha ndama. Hiyo kazi ya ndama ndiyo pekee nisiyoifanya mbio. Mwaka huo tulikuwa na ndama wawili, na mmoja wao nilimpenda kuliko viatu vyangu vipya. Alikuwa jike wa wiki tano, mweusi tii, mwenye alama moja nyeupe juu ya jicho la kushoto, kana kwamba fundi wa rangi alidondosha tone akaona uvivu kulifuta. Nilimwita Doa. Akimaliza maziwa alikuwa akinyonya mkono wa shati langu, nami nilisimama kimya nikamwacha. Kwa Doa tu nilijua kutulia.

Juu ya kichwa chake, kila upande, kulikuwa na kifundo kigumu kama punje ya hindi chini ya manyoya. Hizo ndizo pembe zikianza. Zikiachwa, zinakua, na ng'ombe wenye pembe wakibanana bandani wanatobolana. Mama ana kovu refu mkononi la pembe ya ng'ombe aliyekuwa akigeuza shingo tu kufukuza nzi. Kwa hiyo ndama wote wa mtaa wetu huchomwa vifundo wakiwa wadogo, kwa chuma cha moto, na pembe hazioti tena.

Mchomaji alikuwa mjomba, mdogo wake mama. Watu walimwita Mkono Mwepesi, na jina hilo alilivaa kama kofia ya sherehe. Mara moja kila msimu majirani walileta ndama wao kwetu, mama akamimina kikombe cha chai, akakiweka juu ya ukuta mfupi wa banda, kisha mjomba akaanza kazi. Sharti lake lilikuwa moja: awamalize ndama wote na kurudi kwenye kikombe chai ikiwa bado moto. Miaka kumi na mitatu alikuwa hajashindwa. Watu walikuja kutazama ile chai kama wanavyokuja kutazama mpira.

Ila mimi nilimkumbuka Sukari. Alikuwa ndama wetu wa mwaka uliopita. Alipochomwa, alikataa maziwa siku mbili, akasimama kwenye kona amebonyeza paji la uso ukutani. Nilimwimbia, nilimkuna, wapi! Sasa alikuwa mtamba mkubwa, lakini akimwona mtu ameshika kitu chochote mkononi, hata ufagio, anaruka ukuta.

Basi Jumamosi hiyo majirani wakafika. Ndama walikuwa watano kwa jumla: wawili wetu, watatu wa watu. Mmoja, dume wa rangi ya kahawia, alikuwa wa jirani tunayemwita Bwana Kumbe, kwa kuwa hana sentensi isiyoanza na neno hilo. Alikuwepo pia binamu yangu, binti wa mjomba, mwenye miaka kumi na minne na mabega ya mbeba magunia. Jina lake la utani ni Nanga. Akishika kitu, hakitoki.

Jiko la mkaa lilikuwa limeshawaka, chuma kimo ndani, na kando yake ile ndoo ya maji ambayo mama haikosi kuiweka karibu na moto. Chai ilikuwa ukutani. Mara akaingia mwanamke kijana amevaa buti za mpira zilizomzidi miguu, amebeba sanduku.

"Dada, huyu ni nani?" mjomba akauliza.

"Daktari wa mifugo," mama akajibu. "Nimemwita mimi."

"Kuna mgonjwa?"

"Hakuna. Leo ndama watatiwa ganzi kabla hujawachoma."

Mjomba alicheka mpaka akashika nguzo. "Ganzi! Kama mtu anayeng'olewa jino!"

"Hasa," akasema daktari, akifungua sanduku lake bila haraka. "Wewe ulipong'olewa jino, ulikubali ling'olewe kavukavu?"

"Kumbe hamjui!" Bwana Kumbe akadakia. "Alitiwa ganzi, na bado alilia tukamsikia barabarani!"

Watu wakaangua kicheko. Mjomba akajishika shavu kama vile jino limerudi. "Ng'ombe si mtu," akasema. "Ngozi yake nene. Mimi nahesabu mpaka kumi, imekwisha. Marehemu baba alichoma hivi hivi, nami nachoma hivi hivi, na ng'ombe wapo."

"Wapo," mama akakubali. "Na Sukari yupo. Nenda kamshike."

Mjomba akamtazama Sukari kule ng'ambo ya banda. Sukari naye alikuwa akimtazama, masikio yamesimama, tayari kuruka.

"Mwakani atazaa," mama akaendelea. "Nani atamkamua? Wewe? Nilimnyamazia ndama mmoja akiteseka nikasema ni kawaida. Sitanyamaza tena."

"Haya, haya, dada. Lakini chai yangu isipoe."

Daktari akawaendea ndama mmoja mmoja. Kila ndama alipata sindano kila upande wa kichwa, katikati ya jicho na kifundo, kisha nyingine shingoni. Nilimfuata kama mkia nikiuliza maswali, akanijibu yote.

"Hizi za kichwani ni ganzi. Zinaua maumivu hapa tu, kwa muda wa saa moja hivi. Hii ya shingoni ni ya baadaye. Ganzi ikiisha, kidonda kitaanza kuuma, na dawa hii itakuwa imeshafika kuyatuliza maumivu mpaka kesho."

"Kwa nini isiwe ganzi peke yake?"

"Kwa sababu ndama haumwi tu wakati tunamtazama."

Neno hilo liliniingia. Nilimfikiria Sukari na ile kona yake.

"Sasa tunangoja dakika kumi na tano," daktari akatangaza. "Kisha tunajaribu. Unachukua sindano safi, unagusa kwa ncha kuzunguka kifundo. Akishtuka, bado. Asiposhtuka, choma."

Hapo simu yake ikalia. Alisikiliza, uso ukabadilika. Shamba la pili kutoka kwetu ng'ombe alikuwa anazaa, na ndama alikuwa ametanguliza matako. "Nahitaji mtu mwenye mikono ya kuvuta," akamwambia mama, na mama akaanza kukunja mikono ya gauni hata kabla sentensi haijaisha. Daktari akavua saa yake. "Nani atanitunzia muda?"

"Yeyote isipokuwa Kiguu!" Nanga akapayuka.

Wote wakacheka. Mimi nikanyoosha mkono. "Mimi naweza."

Daktari akanitazama, kisha akanifunga saa mkononi. Ilikuwa saa kubwa ya mishale, ikanizunguka kama bangili. "Sasa hivi ni saa tatu na dakika tano. Mshale mrefu uko kwenye moja. Ukifika kwenye nne, ujaribu kwa hii." Akanipa sindano ndani ya kifuniko chake. "Si kabla. Wewe ndiye saa yao. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Dokta."

Wakaondoka mbio. Nikaipindua ndoo tupu, nikaikalia.

Sijui kama umewahi kutazama mshale wa saa. Hauendi. Ukiutazama unajifanya umekufa, ukigeuka unaiba hatua moja. Dakika ya kwanza niliyahesabu mabati ya paa. Ya pili nilikuna goti. Ya tatu nilisimama, nikaketi, nikasimama, Nanga akasema, "Moja. Mbili." Alikuwa akihesabu ninavyoinuka. Mvuke wa chai ulikuwa ukipanda ukutani, na kila mara nilipoutazama niliuona umepungua.

Mjomba alizunguka banda mara nne. Alikoroga makaa. Akakigusa kikombe kwa mgongo wa kidole. "Bado?"

"Bado, Mjomba."

"Kumbe leo mtu atakunywa chai baridi," akasema Bwana Kumbe, na wale majirani wengine wawili wakakohoa kicheko.

"Chuma kimeiva," mjomba akasema. "Makaa yanakwisha. Kiguu, saa hiyo inatembea kweli?"

"Tisa," akahesabu Nanga. "Kumi. Mtu anashindwa kukalia ndoo! Hivi shuleni wanakufunga kamba?"

Miguu ilikuwa inaniwasha kama nimekanyaga upupu. Mgongo unawasha. Vidole vinawasha. Kila mtu alikuwa amenikodolea macho, na nikawaza: dakika ni kitu gani? Hazionekani, hazishikiki. Dawa imeshaingia, iko ndani, itafanya nini zaidi?

Nikatazama saa. Mshale mrefu ulikuwa umeipita mbili kidogo tu. Zilikuwa zimepita dakika sita.

"Tayari!" nikasema, nikaruka kutoka kwenye ndoo.

Sindano ya kujaribia ilikuwa mfukoni mwangu. Hakuna aliyeiulizia, nami sikuitoa.

Nanga akamkumbatia ndama wa kahawia, akambana kichwa kwenye nyonga yake. Mjomba akakichomoa chuma, chekundu kama jicho la mgonjwa, akakibandika kwenye kifundo cha kulia.

Nilikuwa nimesikia ndama wakilia mwaka uliopita na mwaka juzi. Huyu nilimsikia tofauti, kwa sababu huyu nilimchoma mimi. Alitoa sauti ambayo si ya ndama wala ya mtu. Miguu ya mbele ilikunjika, ya nyuma ikarusha mateke, jicho likageuka likabaki jeupe. Teke moja likampata Nanga kwenye goti, na Nanga, asiyeachia kitu, aliachia. Ndama alikimbia, akajigonga kwenye mabati, akarudi, akajigonga tena, kisha akajichimbia kwenye kona ya mbali. Akabonyeza paji la uso ukutani.

Kona ile ile ya Sukari.

"Hiyo ndiyo dawa!" mjomba akapaza sauti. "Mmeiona?"

"Kumbe ni maji ya bomba!" akasema Bwana Kumbe.

"Sindano mia, kungoja mpaka watu waote mvi, kwa maji ya bomba! Dada akirudi nitamwambia: daktari huyu asikanyage tena hapa kwa habari ya pembe. Si leo, si mwakani."

"Na kwangu asije," akasema jirani mmoja. "Wala kwangu," akasema mwingine.

"Sasa tufanye kazi kama tunavyojua. Mlete anayefuata."

Aliyefuata alikuwa Doa.

Niligundua kila kitu mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini. Dawa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, na kosa langu lilikuwa linakwenda kuwachoma wanne waliobaki, na wa mwaka ujao, na wa mtaa mzima, kwa sababu kila mtu pale alikuwa ameona kwa macho yake kwamba ganzi haifanyi kazi. Nani angewaambia kinyume? Ndama?

"Mjomba, ngoja!" nikasema. "Dakika hazijatimia."

"Umesema tayari."

"Nimesema uongo. Zilikuwa sita. Na sikujaribu kwa sindano." Nikaitoa mfukoni.

Nilidhani imetosha. Nilidhani ukisema kweli, kweli yenyewe inamalizia kazi. Lakini Nanga, akiwa bado ameshika goti, akacheka kwa uchungu. "Ahaa! Ndama wa watu, tayari. Ndama wake, dakika zimeongezeka!"

"Umeona zamu ya Doa imefika, ndiyo unatunga," mjomba akasema.

"Tazama saa, Mjomba! Itazame mwenyewe!"

"Mimi sisomi saa. Mimi nasoma chuma." Alikuwa amekirudisha chuma kwenye makaa kipate moto upya. Akatazama kikombe ukutani. Mvuke ulikuwa umebaki uzi mmoja. "Nanga, simama. Mshike huyo."

Nanga akachechemea, akamshika Doa. Doa hakujua lolote. Alikuwa anatafuta mkono wa shati langu. Mkono wa mjomba ukaanza kushuka kuelekea kwenye mpini wa chuma.

Sikuwaza. Nikainyanyua ile ndoo ya maji kwa mikono miwili, nikaimimina yote juu ya jiko.

Lilipiga kelele kuliko ndama. Wingu la mvuke likapanda, na ndani ya wingu majivu, na majivu yakaenda popote yalipotaka: kwenye suruali ya mjomba, kwenye ndevu za Bwana Kumbe, na kiasi kizuri tu ndani ya kikombe cha chai. Wingu lilipoisha, chuma kilikuwa cheusi, makaa meusi, na mjomba amesimama na mdomo wazi kama anayesubiri kulishwa.

"Kumbe mtoto ana wazimu," Bwana Kumbe akanong'ona.

"Utanijua," mjomba akasema polepole. "Mama yako akirudi, utanijua mimi ni nani."

"Sawa, Mjomba. Lakini sasa hivi hakuna moto."

Na huwezi kuuharakisha moto wa mkaa. Jaribu uone. Mjomba alimwaga maji, akakausha jiko kwa gunia, akaleta mkaa mpya kutoka stoo, mkaa wenyewe una unyevu. Akapepea. Akapuliza. Akatukana moshi. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakuna aliyeniuliza saa. Nilisimama kando ya Doa nikiwa nimeshika sindano, na safari hii nikatazama mshale ukifika tatu, ukafika nne. Niliuacha uipite nne. Niliuacha ufike tano.

Kisha nikatoa kifuniko, nikamgusa Doa sikioni kwa ncha. Akatikisa kichwa. Nikagusa pembeni mwa kifundo cha kulia. Kimya. Nikazunguka. Kimya. Upande wa kushoto, kimya. Doa alikuwa akitafuna kifungo changu.

"Mjomba, njoo ujaribu mwenyewe."

Hakutaka, lakini watu walikuwa wanatazama. Akachukua sindano, akagusa. Akagusa tena. Akarudia mara ya tatu, akainamisha uso karibu kabisa, kama mtu anayesoma herufi ndogo.

"Huyu ni mpole kwa asili," akasema.

"Basi tumjaribu yule." Nikaonyesha kona. "Amebakiwa na kifundo kimoja."

Hakuna aliyetaka kumfuata ndama wa kahawia. Nikaenda mimi. Nikachuchumaa hatua tatu kutoka kwake, mikono magotini, nikanyamaza. Sikukuna goti. Sikupiga mguu. Sijui nilikaa hivyo muda gani, sikutazama saa. Niliona ubavu wake ukipanda na kushuka mbio, kisha polepole, kisha akageuza kichwa. Mwisho akapiga hatua moja kuja kwangu, akanusa vidole. Nikamshika shingo nikamrudisha taratibu.

Chuma kilikuwa kimeiva tena. Mjomba akajaribu kwa sindano kuzunguka kifundo cha kushoto: kimya. Akabandika chuma. Moshi ukapanda, manyoya yakanuka, na mjomba akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Ilipofika nne ndama akaanza kulamba kiganja changu. Ilipofika kumi alikuwa bado analamba.

Ni ndama yule yule, na chuma kile kile, na mkono ule ule mwepesi. Kulia alikuwa ameomboleza. Kushoto hakuwa na habari.

Bwana Kumbe alifungua mdomo. "Kumbe," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake sentensi haikuendelea.

Mjomba aliwamaliza waliobaki. Kila mmoja alimjaribu kwa sindano kwanza, bila kukumbushwa. Doa aliposhikwa, Nanga hakumbana; aliweka tu mkono shingoni. Ulikuwa mkono wa kutosha.

Mama na daktari walirudi wamelowa mpaka viwikoni, wamechoka, wanacheka. Ndama wa shamba la pili alikuwa hai, na mama yake pia. Kisha wakaliona jiko, na mimi, na suruali ya mjomba.

"Kuna nini hapa?" mama akauliza.

Nilisema mimi kabla hajasema mwingine. Nilisema yote, tangu ndoo ya kukalia mpaka ndoo ya maji. Hata zile dakika sita sikuzificha.

Daktari alimwendea ndama wa kahawia kwanza. Akakagua vidonda, akamshika masikio, akamtazama macho. Ndipo akanigeukia.

"Dawa ilikuwa nzima," akasema. "Ilichokosa ni dakika tisa. Hizo tisa ulizozifuta zimemwumiza ndama mmoja, na nusura ziufanye mtaa mzima uikatae dawa kwa miaka. Hujafanya kosa dogo."

"Najua, Dokta. Naomba radhi." Nikamgeukia Bwana Kumbe. "Naomba radhi kwa ndama wako." Nikamgeukia Nanga. "Na kwa goti lako."

"Goti litapona," akasema Nanga. "Ila umeinuka mara kumi na nne. Nimehesabu."

"Na ukimwaga maji kwenye makaa, simama mbali," daktari akaongeza. "Mvuke unababua."

Mama ndiye aliyechelewa kusema. Alisimama akimkuna Doa chini ya kidevu. "Mnyama hawezi kusema 'bado', mwanangu," akasema. "Akiumia hawezi kutuma mtu akaite daktari. Tunamfungia, tunamkamua, tunakula kwa jasho lake. Kwa hiyo maumivu tunayoweza kumwondolea, kumwondolea ni deni letu, si hisani. Na huwezi kulilipa kwa nusu. Dawa bila subira ni sindano tu. Aliyeshika saa ndiye mdomo wa ndama. Leo mdomo wao ulidanganya." Akanigeukia. "Halafu ukasema kweli. Ulipoona kweli haisikilizwi, hukuiacha peke yake. Hilo nalo nimelisikia."

Adhabu yangu ilikuwa wiki moja. Kila siku kabla ya shule nilikwenda kwa Bwana Kumbe kumnywesha yule ndama, kukagua vidonda na kuandika kama amekunywa maziwa yote. Siku ya kwanza alibakiza nusu. Kidonda cha kulia kilimfanya akwepe mkono wangu. Cha kushoto aliniruhusu kukigusa. Siku ya nne alikunywa yote, akatafuta na shati. Doa hakubakiza hata tone, tangu jioni ile ile.

Ila jambo moja lilibaki, na lilisemwa pale pale bandani, kabla watu hawajatawanyika. Mjomba alikichukua kikombe chake ukutani. Akakitazama ndani. Akakiinamisha, ikamwagika chai ya kijivu, baridi kama maji ya kisima.

"Miaka kumi na mitatu," akasema. "Umemwomba radhi daktari. Umemwomba jirani. Umeliomba mpaka goti. Na mimi je? Moto wangu umeuzima, suruali umeiharibu, chai umeitia majivu mbele ya watu. Nangoja."

Watu wote wakanitazama. Mama pia. Hakunisaidia, wala hakunizuia.

Msimu uliofuata daktari alirudi, na ndama walikuwa kumi na mmoja, kwa kuwa habari ilikuwa imefika mitaa ya mbali. Saa nilipewa mimi tena. Hakuna kikombe kilichowekwa ukutani. Mjomba alikuja na chupa ya chai, ile inayotunza joto mpaka jioni. Aliketi juu ya ndoo, miguu ameinyoosha, akajimiminia taratibu huku ndama wakingoja na sindano ikingoja.

"Bado?" akauliza.

"Bado, Mjomba. Dakika nne."

Akapuliza chai yake, akanywa, akanitazama juu ya ukingo wa kikombe. "Na ile radhi yangu? Mwaka mzima nakupa nafasi, Kiguu. Sema basi, hata kwa kunong'ona."

Nikatazama saa kwanza. Kisha nikampa jibu lile lile nililompa siku ile mbele ya watu wote, kikombe cha majivu kikiwa mkononi mwake.

"Kwa uongo wangu nimeomba radhi, Mjomba, na nitaomba tena kila ukitaka. Kwa yale maji, siombi."